Kahawa ya Mkaguzi

S.L.P. 41,
Pointe-Aurélie,
Louisiana.
Jumamosi, 16 Machi

Mpendwa Shangazi Verna,

Shikamoo. Naomba shikamoo hii ivuke theluji yote ya huko Duluth imfikie na Mjomba Arne. Je, ule mguu alioteleza nao kwenye barafu umepona? Na Tessa ameacha kukohoa? Mama anasema kikohozi cha huko kwenu hakisikii dawa mpaka jua lirudi, kwa hiyo mimi namwombea jua.

Sisi huku tu wazima wa mwili. Mama bado anafanya kazi jikoni pale shuleni kwetu, na Ijumaa hizi za Kwaresima anapika wali na kamba mpaka wanafunzi wa madarasa ya mbali wanashindwa kusikiliza somo. Kaburi la Babu Ovide halikuguswa na mafuriko. Siku ya Watakatifu Wote tulilipaka chokaa kama kila mwaka, nami niliandika upya jina lake kwa rangi nyeusi, na safari hii herufi zilinyooka.

Nimesema tu wazima wa mwili kwa sababu Mwalimu Picou alitufundisha kwamba barua isiseme uongo hata katika salamu. Kwa mengine, Shangazi, nakuandikia nikiwa na aibu. Nimeianza barua hii na kuichana mara nyingi. Ningeweza kukupigia simu, lakini nyumba yetu unaijua ilivyo ndogo, na siku hizi Baba yupo nyumbani mchana kutwa. Hilo nalo ni sehemu ya habari yenyewe.

Huenda umekwisha kuisikia, maana gazeti la wilaya liliiandika. Nisingependa uisikie kwao tu, kwa sababu wao hawakujui wewe, wala hawajui kwa nini kaka yako aliingia katika kazi hii.

Unamkumbuka Bibi Eulalie Verdin, yule wa nyumba ya bluu karibu na daraja, aliyewafundisha wewe na Baba katekisimu. Mimi pia alinifundisha. Kimbunga cha Septemba kilipoleta maji, yeye hakutaka kuondoka. Baba ndiye aliyemfuata na boti ya Babu. Aliingia mpaka sebuleni, akamtoa kwa dirisha huku Bibi ameshika rozari mkono mmoja, na mkono wa pili mfuko wenye vikombe vyake vya kaure. Baba alimwambia aviache. Bibi akamjibu, "Niviache, halafu wageni niwape kahawa kwa viganja?" Baba alitusimulia jioni ile ile, amelowa, anacheka, akatuonyesha maji yalikomfika: kifuani.

Mchana mmoja maji yakaondoka, ndipo kungoja kukaanza. Jambo hili mimi sikulijua mpaka mwaka huu, ingawa Baba anafanya kazi huko huko. Mwenye bima anapewa muda wa kupeleka madai yake, na ukimpita amekosa, hata kama alikuwa hospitalini. Bibi Eulalie aliwahi. Alipeleka madai yake viatu vyake vikiwa bado na matope. Lakini kampuni yenyewe haikupewa muda wowote. Mkaguzi aje lini, jibu litoke lini, fidia ilipwe lini, hakuna aliyeweza kusema, kwa kuwa hakuna kilichowalazimisha kusema.

Nilikuwepo siku moja Bibi alipowapigia simu. Binti wa upande wa pili alikuwa na sauti tamu. Akamwambia, "Faili lako liko kwenye foleni, mama, tunakuomba uvumilivu."

Bibi akasema, "Mwanangu, foleni ninayoijua mimi ina mtu wa mbele na mtu wa nyuma. Nitajie tu aliye mbele yangu nikamsalimie."

Yule binti alikata simu kwa adabu.

Shangazi, wewe unajua kungoja huko. Mama amenisimulia jinsi nyumba yenu ilivyozama kabla sijazaliwa, mkakaa mnamsubiri mkaguzi mpaka kuta zikaota ukungu mweusi, mwisho ukafunga mizigo ukaenda kaskazini. Anasema Baba alisimama barabarani akatazama gari lenu likipotea, kisha akasema atajifunza kazi hiyo yeye mwenyewe, ili siku nyingine watu wa huku wapate mkaguzi anayejua njia zao na anayekuja mapema. Nimekua nikijivunia neno hilo. Nililiandika katika insha yangu ya darasa la tano.

Lakini safari hii kampuni ilimpeleka kwanza wilaya nyingine, na kwa Bibi Eulalie alifika baada ya sikukuu ya Watakatifu Wote.

Bibi alipopigiwa simu kwamba kesho mkaguzi anakuja, alifanya ambacho mwanamke yeyote wa mto wetu angekifanya. Aliwaita akina mama wa rozari waje na brashi na ndoo. Nyumba yake, unakumbuka, si ya kuta za kubandika zinazobomolewa zikilowa. Ni mbao nzito za kale, ambazo unaweza kuzisugua. Basi wakasugua kwa jiki, ndani na varandani, kisha wakazipaka chokaa iliyobaki makaburini. Mama naye alikuwa mmoja wao. Anasema wa kwanza kutia shaka alikuwa Bi. Earline wa duka la mkate, aliyesimama na brashi yake akasema, "Lakini huyu ni mgeni wa bima, Eulalie, si padri."

Bibi akamwambia, "Mgeni ni mgeni. Sugua."

Hakuna aliyewaza tena. Mtu anakuja nyumbani kwako, utamwonyesha mstari wa matope ukutani? Kumbe mstari ule ndio mgeni aliofunga safari kuja kuutazama.

Asubuhi Baba akafika na koti la kampuni. Hii sehemu nimeisikia kwa Bibi na baadaye kwa Baba, na wanaisimulia sawasawa. Bibi alimkaribisha kiti cha marehemu mumewe. Akampa kahawa kwa kikombe cha kaure, kimoja cha vile alivyoviokoa. Wakaulizana habari za watu wote wanaowajua, na wewe ulitajwa. Baba akapiga picha kuta nyeupe za sebule na za jikoni. Mlango wa chumba cha kulala ulikuwa umerudishwa.

Mkaguzi wa kutoka Texas angeufungua. Angesukuma makabati na kupiga tochi nyuma yake, maana wanafundishwa hivyo: mstari usipouona mbele, utafute mahali ambapo brashi haifiki. Lakini mwanamume wa huku haingii chumbani kwa mjane, wala hamwambii aliyemfundisha sala ya Baba Yetu asogeze kabati ili akague uchafu wake. Baba alikaa alipokaribishwa. Akamaliza kahawa, akashukuru, akaaga. Bibi alikuwa mwenyeji mwema na Baba alikuwa mgeni mwema, na kazi ya ukaguzi haikufanywa na mtu.

Katika taarifa yake aliandika kwamba hakuna alama ya maji iliyoonekana.

Labda utauliza, kama nilivyouliza mimi, kwa nini hakuandika kwamba maji anayajua, yalimfika yeye mwenyewe kifuani. Mkaguzi anaandika alichokipima siku ya ukaguzi, hapaswi kuandika anachokijua kwa ujirani. Na nyumba za jirani hazimsaidii mtu, kwa sababu kila nyumba imeinuliwa juu ya nguzo za urefu wake, na maji hayaingii sawa. Baba alitegemea kurudi mara ya pili. Hakurudi. Faili la Bibi likawekwa kando lichunguzwe zaidi, na "zaidi" hiyo haikuwa na mwisho.

Mengi ya hayo niliyajua Januari. Bibi sasa anaishi katika nyumba ya magurudumu uani kwa mpwa wake Remy, kwa sababu sakafu ya nyumba yake imeoza na umeme umekatwa, na bila fidia hawezi kutengeneza. Jumamosi huwa naenda kumsomea, macho yake yamechoka. Jumamosi moja ya mwezi huo tulimaliza kusoma, akanisimulia ziara ya Baba bila kinyongo chochote. "Baba yako ana adabu," akasema. "Hakuacha hata tone kikombeni." Kisha akaniuliza kama nadhani atakuwa amerudi kwake kabla msimu wa vimbunga haujaanza tena mwezi wa sita, kwa sababu kile kinyumba hakiwezi kustahimili upepo. Nikamwambia nadhani hivyo. Nilitazama chini nilipokuwa nasema.

Nyumbani nilimuuliza Baba mezani. "Baba, faili la Bibi Eulalie liko wapi?"

"Liko ofisini."

"Litatoka lini?"

"Kula chakula chako, Noemie."

Mama akanitazama, nikala.

Shuleni mambo hayakuwa rahisi. Karibu kila mwenzangu ana mtu anayengoja. Walianza kwa utani. Tyson, wa darasa langu, alisema mbele ya watu, "Noemie, mwulize baba yako kama bibi yangu afe kwanza ndipo aje, au anaweza kuja bado yu hai." Walicheka, na mimi nikajifanya kucheka. Pikapu ya Baba ilikuwa na jina la kampuni mlangoni, herufi kubwa. Nikaanza kumwomba anishushe kwenye kona ya duka la chambo, nikasema napenda kutembea. Hakuniuliza kitu. Baada ya siku chache akawa anasimama pale mwenyewe, kabla sijafungua mdomo.

Shangazi, nadhani hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba alielewa.

Mwishoni mwa Februari Mwalimu Picou alituambia kwamba kamati ya bunge la jimbo inakuja katika ukumbi wa parokia kuwasikiliza watu. Kuna mswada wa sheria unaotaka kuzipa kampuni za bima muda: muda wa kumleta mkaguzi, muda wa kutoa jibu, na muda wa kulipa. Mwanafunzi mmoja angesoma maoni ya shule. Alinichagua mimi. Alisema nina sentensi zilizotulia.

Niliandika kwa bidii. Niliandika kwamba mwenye nyumba ana tarehe na kampuni haina, na kwamba hiyo ni sawa na mchezo ambao mmoja tu ndiye anayepigiwa kipenga. Mwalimu alinisifu kwa mfano huo. Halafu akasema maoni yangu yanahitaji mtu mmoja wa kweli, ili kamati ielewe. Nikamwandika Bibi Eulalie bila jina lake. Nikaandika kwamba mkaguzi alikuja, akanywa kahawa, akaondoka, na hadi leo bibi huyo anangoja. Sentensi ile niliipenda. Niliisoma kwa sauti chumbani kwangu ili nijue nipumzike wapi.

Baba sikumwambia nilichokiandika. Alikuwa na kazi mbali siku hiyo, na nilijua hatakuwepo. Naona bora niandike hivyo hivyo, wazi.

Ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama ukutani. Mwenyekiti wa kamati, Mheshimiwa Castille, ni mama mfupi mwenye miwani inayoning'inia shingoni. Kwanza alizungumza mtu wa kampuni. Alisema wanawahurumia wote, lakini kila faili lina mambo yake, na wakifungwa na tarehe watalazimika kufanya haraka, na haraka inaleta makosa.

Sauti ya Bi. Earline ikatoka nyuma. "Mbona makosa tunayo tayari, na haraka yenyewe hatujaiona?"

Watu walicheka. Kisha nikaitwa mimi. Nilisoma vizuri, Shangazi. Nilipumzika mahali pa kupumzika. Nilipofika kwenye ile sentensi ya kahawa niliinua macho kama tulivyofundishwa, nikamwona Baba. Amesimama mlangoni na koti la kampuni, kofia mkononi. Alikuwa ameomba ruhusa mapema, aje kumsikiliza binti yake.

Nilimalizia kwa kusoma tu, sikujua ninasoma nini.

Mheshimiwa Castille alivaa miwani yake. Akasema, "Ahsante sana, binti. Huyo mkaguzi aliyekunywa kahawa ni nani? Kamati ingependa kumsikia."

Ukumbi mzima ulikuwa unajua. Mimi nikatazama karatasi yangu kana kwamba jina lilikuwa limeandikwa pale na limefutika.

Ndipo Bibi Eulalie akasimama, mstari wa mbele, na kofia yake ya Jumapili. "Mheshimiwa, mtoto usimuulize. Niulize mimi mwenye kahawa." Akashika kiti kilichokuwa mbele yake. "Alikuja Kirby, mwana wa Ovide. Nimemfundisha sala mimi mwenyewe. Niliposikia mgeni anakuja nilisugua kuta, naye alikaa kwa sababu nilimkaribisha akae. Sasa kama lazima mmwandike mkosaji, niandikeni mimi. Nimemharibia kijana kazi yake kwa jiki yangu."

Wengine walicheka tena, kwa kumpenda. Mimi sikucheka.

Baba akasema kutoka mlangoni, "Bibi, kaa. Si jiki."

Alikuja mpaka mbele. Watu wakampisha. Hakunitazama. Akaweka mkono kifuani kuonyesha kimo cha maji, na mkono ukaangukia juu ya jina la kampuni lililoshonwa kwenye koti.

"Maji yalifika hapa," akasema. "Nilikuwemo sebuleni mwake siku ile, namtoa kwa dirisha. Nilijua. Nikaandika kwamba sikuona alama, na ni kweli sikuiona, kwa sababu sikuitafuta. Nilikuwa na nyumba nyingine nyingi siku ya ukaguzi, na niliona vibaya kuingia chumbani kwake."

Mheshimiwa akauliza, "Kwa nini hukurudi?"

"Mkaguzi harudi bila kibali. Niliomba kibali, nikaomba tena. Sikukataliwa, Mheshimiwa. Ningekataliwa ningejua la kufanya. Hakuna anayelazimika kunijibu."

"Na huyu mama ulimwambia?"

Baba alitazama kofia yake. "Hapana. Niliona aibu."

Mtu wa kampuni alikuwa anaandika. Mheshimiwa Castille naye alikuwa anaandika.

Tulirudi watatu ndani ya pikapu, Mama katikati. Tulipofika darajani Baba akasema, "Ulisoma vizuri." Tukaenda kidogo. "Ila ungeniambia, Noemie." Mama akanishika goti. Mpaka leo sijamjibu.

Jumatatu kampuni ilimpigia simu kwamba hawatampa mafaili mengine kwa sasa. Hawakusema mpaka lini. Alilirudisha koti na kubandua lile jina mlangoni. Mahali lilipokuwa pamebaki na rangi mpya inayong'aa, na sehemu nyingine ya mlango imefifia, kwa hiyo bado unaweza kulisoma. Sasa anamsaidia Remy kutengeneza boti. Anaongea kidogo. Hata redio haiwashi.

Jumapili iliyopita baada ya Misa alimfuata Bibi Eulalie kwenye ngazi za kanisa, sote tupo, na akina mama wa rozari wapo. Akasema, "Bibi, naomba ruhusa niingie chumbani kwako."

Bi. Earline akageuka kuficha kicheko. Bibi akamtazama Baba kutoka juu mpaka chini. "Umechelewa kuomba, mwana wa Ovide," akasema. "Ingia tu."

Tukaenda kundi zima. Nyumba ilinuka unyevunyevu, na sakafu ilizama tulipokanyaga. Kabati la Bibi unalijua, lile la harusi yake, pana kama mlango wa ghala. Anasema halijasogezwa tangu mumewe alipoliweka pale. Baba na Remy walilivuta polepole, huku Bibi akiwaamuru wasilikwaruze.

Mstari ulikuwepo. Wa kahawia, umenyooka kama uliopigwa kwa rula, kutoka ukingo mmoja wa kabati hadi mwingine, na vijiti vya nyasi vimekaukia juu yake. Baba alisimama kando yake, nao ukamfika kifuani. Hakutoa utepe wa kupimia. Alisimama tu.

Sisi wengine tulikuwa tunatazama kimo. Bibi Eulalie alikuwa anatazama uchafu. Alishika shavu akasema kwa sauti ndogo, "Yesu wangu. Miezi yote hii hayo yamekaa nyuma ya kabati langu, na Earline yupo anaona." Kisha akageukia wenzake. "Nani ana kitambaa?"

Amini usiamini, Shangazi, mmoja wao alimpa. Mkono wa Bibi ulikuwa umekwisha kunyooka kuelekea ukutani. Baba akaushika taratibu.

"Bibi, nakuomba. Usiufute."

"Mbele ya watu wote hawa, Kirby?"

"Mbele ya watu wote hawa. Na akija mkaguzi mwingine, umwonyeshe kabla hujampa kahawa."

Bibi alifikiri. "Kahawa nitampa kwanza," akasema. "Halafu nitamwonyesha." Ndipo akakaa kitandani, akalia kidogo, na Baba akakaa karibu naye chumbani mle, kofia magotini, kama mtoto wa katekisimu.

Remy alipiga picha, na Baba akaandika kwa mkono wake alichokijua tangu Septemba, akatia sahihi kama jirani. Vyote vimepelekwa. Kampuni imejibu kwamba imevipokea. Lini watamleta mkaguzi mwingine, hawakusema, na sheria bado haiwalazimishi. Lakini Mwalimu Picou ameniambia kwamba Mheshimiwa Castille ameongeza kifungu kwenye mswada: mkaguzi akiomba kibali cha kurudi, apewe jibu ndani ya muda maalumu, ndiyo au hapana. Kamati itapiga kura baada ya Pasaka. Mimi nina tumaini, ingawa nalificha, maana tumaini nililompa Bibi Januari sikuwa na haki ya kulitoa.

Shangazi, ninaloomba ni hili. Mpigie Baba simu. Hajakutafuta kwa sababu anakuonea aibu wewe kuliko watu wote. Mama anasema usiku ule wa kikao alitoa picha yenu ya mbele ya nyumba yenu ya zamani, akairudisha bila kusema neno. Sijui umwambie nini. Labda umwambie tu kwamba umesikia, na kwamba bado ni kaka yako. Mimi nilijua la kusema kwenye kipaza sauti mbele ya ukumbi mzima, na mezani kwetu sijui.

Nimejaribu kitu kimoja. Jana asubuhi nilimwomba anipeleke shule. Tulipokaribia duka la chambo akapunguza mwendo, akasogea pembeni kama alivyozoea. Watoto walikuwa wengi barabarani, na Tyson alikuwepo. Nikasema, "Twende tu mpaka getini, Baba." Alinigeukia akanitazama. Kisha akaingiza gia, akanifikisha getini, na mimi nikashuka polepole, upande wa ule mlango wenye jina lisiloondoka.

Nisalimie Mjomba Arne, Tessa na Joel. Mwambie Joel ile chupa ya pilipili aliyoisahau iko salama juu ya friji. Mama anakusalimu na anasema atakutumia kamba wakavu Remy akianza kuvua. Bi. Earline anakusalimu. Bibi Eulalie anakukumbuka kwa rozari kila jioni. Ametundika kitambaa chake cha meza chenye maua mbele ya ule mstari, ili wageni wasiuone, na amesema wewe ukija atakupa kahawa kwanza, halafu atakufunulia.

Mungu awafunike huko kwenye baridi, na atufikishe sote Pasaka tukiwa tunaweza kutazamana usoni.

Ni mimi akupendaye, na anayengoja simu ilie,

Noemie Naquin